CJ bila bunduki: kama tungemuweka ndani ya Tekken

Kwa kawaida ukurasa huu unaongea bei ya unga, hali ya barabara ya Sake, na nani amepata habari ya jamaa yake. Leo munipe ruhusa niongee jambo ambalo vijana wananiuliza kila nikipita: CJ. Wazazi musiondoke. Nitaeleza pole pole, na hakuna neno gumu nitaliacha bila kulifungua.

CJ ni kifupi cha Carl Johnson, mtu wa ndani ya mchezo wa video unaoitwa Grand Theft Auto: San Andreas. Ulitoka Oktoba 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, na watu wa Rockstar North, huko Edinburgh, ndio waliutengeneza. Karibu miaka ishirini baadaye ulikuwa bado unachezwa kila siku hapa Goma, sababu mashine hiyo ya zamani ni ya bei ndogo na inavumilia vumbi letu. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1992. CJ aliondoka mji wake wa Los Santos, akakaa mbali miaka mitano, na sasa anarudi juu mama yake ameuawa. Hajafika hata nyumbani, polisi wabaya wanamkamata, wanamnyang'anya pesa zake na kumtupa ndani ya mtaa wa maadui. Kitu cha kwanza anachopata cha kumfikisha kwao ni baiskeli.

Mtu anarudi kwao baada ya miaka, anakuta mama hayuko, ndugu wamekasirika, mtaa umegawanyika. Watoto wa mjini walimpenda CJ kwa sababu ya magari. Watoto wa kambi niliowajua walimpenda kwa sababu nyingine, na walikuwa wanaangalia ile sehemu ya mwanzo kwa ukimya ambao sikuuona kwa mchezo mwingine wowote.

Mwaka 2023 nilikuwa napita mara kwa mara kwenye sali moja ya michezo upande wa Mugunga, si mbali na kambi ya Lushagala. Kibanda cha mbao, televisheni mbili, batri, benchi tatu. Wavulana walikuwa wanatoka Masisi, Rutshuru, Kitshanga, kila mmoja na njia yake ya kutoroka. Televisheni moja ilikuwa ya San Andreas, nyingine ya Tekken 5. Na kwa sababu benchi la katikati lilikuwa linaona televisheni zote mbili, swali lilizaliwa lenyewe: CJ akitoka kwenye televisheni hii na kuingia kwenye ile, atapigana namna gani?

Hapa lazima nieleze, juu wazazi wengi wanafikiri michezo yote ya video ni kitu kimoja. San Andreas ni mchezo wa kutembea. Una nchi nzima mbele yako, miji mitatu, mashamba, jangwa; ukishindwa na mtu unaruka kwenye gari na kwenda. Tekken ni mchezo wa kupigana. Watu wawili, uwanja mmoja, saa inahesabu, hakuna pa kwenda. Kwenye maneti, vitufe vinne ni viungo vinne vya mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, X ni mguu wa kushoto, duara ni mguu wa kulia. Ni hivyo tu. Pigo la juu linampita aliyechuchumaa. Pigo la katikati linampata aliyechuchumaa. Pigo la chini linampata aliyesimama. Kila sekunde moja imekatwa vipande 60 vinavyoitwa fremu, na ngumi ya haraka kabisa inafika kwa fremu 10 hivi, maana yake sehemu moja ya sita ya sekunde. Pigo la fremu 25, mtu mwenye macho mazuri analiona likija na kulikinga. Ukiwasikia watoto wanabishana kwa saa mbili, wanabishania vipande hivyo.

Kuhamisha mtu kutoka mchezo mmoja kwenda mchezo wa kupigana si ndoto ya vijana wa Mugunga peke yao. Watengenezaji wenyewe wanafanya. Link alitoka kwenye The Legend of Zelda akaingia Soulcalibur II. Kratos wa God of War aliingia Mortal Kombat ya mwaka 2011, kwa PlayStation 3. Tekken 7 ilimkaribisha Noctis wa Final Fantasy XV, na hata Negan, ambaye anatoka kwenye filamu za televisheni na anapigana na kipande chake cha mti chenye waya wa miiba. Kwa kila mmoja swali lilikuwa lile lile: ukimtoa mtu kwenye nchi yake, umuachie nini ili watu waendelee kumtambua? Link ana upanga na ngao, Kratos ana visu vyake vya minyororo. CJ ana nini?

Jibu la kwanza la sali nzima lilikuwa bunduki.

"Yaya, CJ bila masasi iko mutu wa bure," mmoja aliniambia, na benchi lote likakubali.

Mimi nilikataa, na sababu yangu ya kwanza ilikuwa ya ufundi. Mchezo wa kupigana ni mchezo wa hatua. Nikisogea nusu hatua, ngumi yako inapita hewani, na hapo nakuadhibu. Bunduki inaua hatua. Mwenye bunduki hana haja ya kusogea, na asiyekuwa nayo hana sababu ya kurudi nyuma. Watengenezaji wanajua hilo, ndiyo maana wanapoweka bunduki wanaifanya kuwa uongo. Kwenye Mortal Kombat kuna Erron Black, mtu wa bastola. Anakupiga risasi, damu kidogo inakwenda, unasimama na kuendelea kurusha mateke. Risasi inakuwa kama jiwe la kurusha.

Nilipotoa mfano huo, kijana mmoja wa Kitshanga, miaka kumi na minne hivi, ambaye alikuwa anakaa mwisho wa benchi bila kulipa zamu (mwenye sali alimuachia akae, juu alikuwa anafagia jioni), akasema kwa sauti ndogo: "Ile haiko kweli." Hakuongeza kitu. Watoto wengine waliacha kubisha. Hakuna aliyemuuliza anajuaje.

Basi bunduki ikatoka. Na hapo ndipo kazi ilianza kuwa tamu, sababu CJ ni mmoja wa watu wachache wa mchezo ule wa magari ambao kweli wanajifunza kupigana kwa mikono. Wengi wanalisahau. Kuna nyumba tatu za mazoezi, moja kwa kila mji. Los Santos anajifunza ngumi, ile ya boksi. San Fierro anajifunza kungfu. Las Venturas anajifunza staili ya mateke na magoti. Na kila mahali mwalimu hakufundishi kwa maneno: unapigana naye kwanza. Kasoro moja tu: ukijifunza staili mpya, ile ya zamani inafutika. CJ anafika San Fierro na kusahau ngumi za kwao. Jambo hilo lilikuwa linaniudhi tangu zamani, na hata leo sielewi kwa nini walifanya vile.

Sasa angalieni namna CJ anavyofika kwenye hiyo miji. Los Santos ni kwao. Halafu marafiki wanamsaliti, kaka yake Sweet anapigwa risasi na kufungwa, na polisi Tenpenny anamtoa mjini kwa nguvu na kumtupa huko mashambani, mbali, bila mtu. Kutoka mashambani anapanda San Fierro. Kutoka San Fierro anapita jangwa, anafika Las Venturas. Halafu ndipo anarudi. Mzunguko mzima wa San Andreas ni safari ya mtu aliyefukuzwa, na mahali alipokimbilia ndipo alipojifunza mateke.

Kutokana na hapo nilichora mpango wangu wa kwanza ndani ya daftari. Mechi ya Tekken inakwenda kwa raundi, na mwenye kushinda raundi tatu ndiye mshindi. Nilisema: CJ aanze na ngumi za Los Santos peke yake. Akipoteza raundi, anafukuzwa, na mji mpya unafunguka: San Fierro. Akipoteza nyingine, Las Venturas. Ukimpiga mara mbili, unakutana na CJ kamili. Nilifurahi sana na mpango huu. Hakuna mtu wa Tekken anayepigana hivyo, na kila mchezaji angeogopa kumpiga CJ mara ya pili. Wavulana wengi walipiga makofi.

Kijana wa Kitshanga alikataa. Alishika daftari, akaangalia muda mrefu, akasema: "Yaya, huyu alishafukuzwa. Usimufukuze tena kila muchezo."

Nilimjibu kwamba ni mchezo tu, na kwamba bila hasara staili tatu zitamfanya awe na nguvu kupita wote. Akasema anaelewa. Akasema lakini mtu akishapita njia, njia iko ndani yake, haihitaji apigwe tena ndiyo aikumbuke. Halafu akauliza swali ambalo lilikuwa la ufundi kabisa, na lililonishinda: mchezaji mwenye kujua, je, hatapoteza raundi mbili za kwanza kwa makusudi ili apate staili zote? Wenzake wakacheka, sababu ni kweli. Kila mjanja angejilaza chini apigwe. Mchezo unaolipa mtu kwa kupigwa utajaa watu wanaojilaza.

Ilituchukua karibu wiki mbili kutafuta njia nyingine. Tuliangalia wale waliopo. Kuna Lei Wulong, polisi wa Hong Kong, mwenye staili za wanyama watano na anazibadilisha atakavyo. Mzuri kumwangalia, mgumu kumjua. Kuna Mokujin, mtu wa mti, ambaye kila mara anaiga staili ya mtu mwingine. Kwake hakuna kwao. Kuna Steve Fox, bondia, ambaye vitufe vya miguu kwake si mateke: ni vya kuyumbisha mwili na kukwepa. Huyu alitusaidia sana. Tukamwiba wazo, tukaligeuza.

CJ wetu ana staili zote tatu tangu fremu ya kwanza. Lakini haruki ovyo kutoka moja kwenda nyingine. Anazunguka kwa njia ile ile ya safari yake: Los Santos, San Fierro, Las Venturas, halafu Los Santos tena. Hawezi kurudi nyuma, hawezi kuruka mji. Akiwa Los Santos ni mikono: mraba na pembetatu ni ngumi, X na duara ni kukwepa kama Steve, ngumi yake ya kwanza fremu 10, hana pigo la chini hata moja. Ukichuchumaa mbele yake huna hofu kubwa, isipokuwa ngumi moja ya kutoka chini kwenda kidevuni. Akiwa San Fierro anapata miguu, anapata pigo la chini, anaweza kuzunguka pembeni, lakini ngumi yake ya kwanza sasa ni fremu 12. Akiwa Las Venturas ni magoti na viwiko, anapiga kwa uzito, anashika shingo, na ni mzito: fremu 14 kabla ya kitu chochote. Kadiri anavyokwenda mbali na kwao anakuwa na nguvu zaidi na haraka kidogo zaidi inampotea.

Halafu kuna kurudi. Kutoka Las Venturas kuingia Los Santos hakufanyiki kwa kubadilisha mkao tu. Kunafanyika kwa pigo, mkono wa kulia, katikati, fremu 15, linaloinua mtu juu ili umpige akiwa hewani. Hilo ndilo pigo lake kubwa. Watoto waliliita "Twende Kwetu." Udhaifu wake uko wazi: kila mtu anajua liko wapi. Ukimuona CJ yuko Las Venturas, unajua njia imebaki moja. Ukilikinga, umemshika, mikono iko wazi, unampiga unavyotaka. Kwa hiyo mchezaji wa CJ anapaswa kumdanganya mpinzani juu ya saa ya kurudi, si juu ya kama atarudi.

Naona huu ni muundo mzuri kuliko wangu wa kwanza, na nimeshacheza Tekken tangu ile ya tatu, ya PlayStation ya kwanza kabisa.

Habari ya mwili haikutuchukua muda mrefu, ingawa ndiyo iliyochekesha zaidi. Wanaomjua CJ wanajua kwamba anakula. Akila sana ananenepa, akifanya mazoezi anajenga misuli, akikaa na njaa anakonda na nguvu zinashuka. Akila kupita kiasi kwa mara moja, anatapika. Watoto waliosimama kwenye foleni ya unga na maharage walikuwa wanapenda kumlisha mpaka atapike, halafu wanamlisha tena. Walitaka ndani ya pigano kuwe na sahani ya kuku ya kuongeza uhai. Tulikubaliana hapana, sababu Tekken haina dawa katikati ya raundi. Badala yake unachagua mwili kabla ya kuanza: CJ mwembamba, CJ wa misuli, CJ mnene. Mwembamba anatembea haraka na anaumia zaidi. Mnene anaumiza zaidi, lakini mwili mkubwa ni rahisi kupatwa hewani. Kuna Bob wa Tekken 6 aliyejinenepesha kwa makusudi na bado ana haraka, kwa hiyo wanene wasilie. Wote walichagua mnene. Wote, hata wale ambao hawakuwa na mpango wa kumchezesha.

Jambo la heshima lilileta ugomvi. Ndani ya San Andreas CJ ana kipimo cha heshima: mtaa ukimheshimu, vijana wanamfuata. Kwenye Tekken za karibuni, mtu akikaribia kushindwa anapata hasira na mapigo yake yanaongezeka nguvu. Nilipendekeza kwamba CJ asiwe na hasira, awe na heshima. Inapanda unapotumia mapigo tofauti na unapokinga vizuri. Inashuka unaporudia pigo moja moja. Hii niliiweka kwa ajili ya wachezaji wa Eddy Gordo, na sitaomba msamaha. Eddy ni yule Mbrazili wa capoeira. Kila sali ina kijana mmoja asiyejua kitu, anamchagua Eddy, anapiga vitufe vya miguu kama mtu anayetwanga sombe, na anashinda. Kwa CJ hatashinda. Mtaa utamdharau.

Walitaka pia Sweet aingie kusaidia, juu kaka hawezi kukaa akiangalia mdogo wake anapigwa. Nilieleza kwamba Tekken ni mtu kwa mtu. Walielewa, lakini hawakupenda.

Siku moja mama wa mmoja wao alikuja mpaka mlangoni. Aliniuliza, kwa heshima lakini bila kucheka: "Papa mwandishi, hawa watoto wametoka kwenye vita. Wewe mtu mzima unakaa nao kuwafundisha ngumi?" Lilikuwa swali la haki. Nilimpa nafasi kwenye benchi na nikamuomba aangalie mechi moja mpaka mwisho. Mwanawe alikuwa anacheza. Alipigwa raundi ya kwanza, akaanguka, herufi zikatokea, halafu raundi ya pili ikaanza na wote wawili wamesimama, damu imejaa tena. Mama akauliza: "Kumbe yule aliyeanguka?" Mtoto akamjibu bila kugeuka: "Iko anaamuka, mama. Humu wote wanaamuka." Alikaa mpaka mechi ikaisha. Alipoondoka hakusema amekubali, na mimi sitadai hapa kwamba alikubali. Alisema tu saa kumi na moja mtoto awe amechota maji. Tangu siku hiyo saa kumi na moja tulikuwa tunafunga daftari.

Kuna mambo madogo. Anaingia uwanjani na baiskeli. Kikundi cha Masisi kilidai aingie na chukudu, na kwa kura chukudu ilishinda, ingawa kwenye milima ya San Fierro naona breki zingemshinda. Nguo ni ile fulana nyeupe ya mwanzo. Uwanja wake ni Grove Street, ambayo kwa wasioijua ni barabara inayoishia kwenye nyumba, haina njia ya kutokea upande wa pili. Kwa Tekken hiyo ni zawadi, sababu ukuta wa mwisho ndio unaotisha: ukibanwa ukutani unapigwa zaidi ya kawaida. Tuliweka nyumba ya mama yake iwe ndio ukuta. Pale pale palikuwa na mjadala kama mlango uvunjike mtu akigongwa nao, na jibu likawa usivunjike kamwe.

Kilichobaki ni mwisho. Kila mtu wa Tekken akimaliza mashindano anapata filamu yake fupi. Eddy, kwa mfano, anataka kurudisha kampuni ya baba yake. CJ akishinda, atafanya nini na ushindi? Ndani ya San Andreas kuna sehemu ambayo vijana wengi wanaipita haraka wakitafuta helikopta. Sweet anatoka gerezani. CJ sasa ni tajiri, ana jumba la kifahari, anataka kumpeleka kaka yake huko akapumzike. Sweet anakataa. Anataka apelekwe Grove Street, mahali palipoharibika, pamejaa madawa na maadui, juu ni kwao. CJ anamuona mjinga. Wanakwenda.

Sali ilikatika katikati. Nusu walisema Sweet ni mjinga kweli: jumba lipo, kwa nini urudi kwenye shida? Nusu walisema CJ ndiye mjinga, sababu jumba si lake, alilipata juu ya wengine. Nilitegemea kijana wa Kitshanga aseme warudi. Hakusema. Alisema inategemea nani yuko kwenye nyumba sasa. Akasema filamu imuonyeshe CJ amesimama barabarani mwanzo wa Grove Street, anaangalia, na kabla hatujajua kama ameingia, iishe. Wenzake walilalamika kwamba huo si mwisho. Tuliuandika hivyo hivyo, na chini yake mtu aliongeza kwa kalamu nyekundu: AINGIE.

Februari 2025 kambi za kuzunguka mji zilivunjwa, na watu wakaambiwa warudi kwao. Sali ilifungwa, mbao zikabebwa. Daftari ninalo mimi. Kurasa nne zimelowa maji lakini hesabu za fremu zinasomeka. Baadhi ya wavulana sijui walielekea wapi, na nikiandika hivi ni kwa ajili yao pia: kama unasoma au unasomewa, na ulikuwa kwenye benchi la katikati, CJ hajafutwa.

Kijana wa Kitshanga alinitumia sauti kwa simu ya mjomba wake miezi mingi baadaye. Wamefika. Nyumba ina kuta, haina mabati, wanakaa kwa jirani na kulima kidogo. Umeme hakuna, kwa hiyo hachezi. Lakini alikuwa anafikiria lile pigo la kurudi, "Twende Kwetu." Anasema jinsi tulivyoliweka, CJ akishaanza lazima apige mara moja, na mpinzani mwerevu atalijua. Anataka mchezaji aweze kushikilia kitufe, ili CJ asimame kidogo na mkono nyuma, aangalie, ndipo apige, au aache kabisa na kubaki Las Venturas mpaka nafasi nyingine.

Nimehesabu. Inawezekana. Nimempa fremu 8 za kusimama, si zaidi, juu zikipita hapo ngumi ya fremu 10 itakuwa na nafasi ya kumkuta bado anafikiri.